Boila ya Kuni ya Nje: Moto Tunaulisha, Maji Tunayasahau

Simu za kuniuliza habari za boila huanza kuingia mwishoni mwa Novemba, theluji ya kwanza ikishakataa kuyeyuka. Anayepiga ni mtu wetu: Mkenya aliyechoka na kodi za nyumba za Minneapolis, huku kaskazini mwa Marekani, akanunua nyumba ya shambani, Mrundi wa Wisconsin, Mkongomani wa pande za Fargo. Nyumba ilikuja na kibanda cha bati uani, hatua hamsini hivi kutoka mlango wa nyuma, chenye dohani fupi na mlango mzito wa chuma. Dalali alimwambia hiyo ni bahati, gesi hatalipa tena. Dalali kachukua chake kaenda zake, na mwenye nyumba amebaki na mashine ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, nje kuna baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri.

Malalamiko yao yote yanafanana, na aliyeyasema vizuri kuliko wengine ni huyo wa pande za Fargo, kwa Kiswahili cha Kivu: "Dada, moto iko inawaka muzuri, lakini mu nyumba iko baridi tu."

Ukiweza kueleza kwa nini moto mkubwa uani haugeuki kuwa joto sebuleni, umeshaijua boila zaidi ya nusu. Nami naegemea upande mmoja tangu mwanzo: watu huiita mashine ya kuni, ila mimi naihesabu kuwa mashine ya maji. Moto ni rahisi. Sisi wa Makete, nyanda za baridi za kusini mwa Tanzania, tumezaliwa pembeni yake, hakuna wa kutufundisha kuuchochea. Maji ndiyo yanayowashinda watu, na maji ndiyo yanayoiua boila kabla ya wakati wake.

Ndani ya kile kibanda kuna chumba cha moto cha chuma, nacho kimezungukwa na maji pande zote isipokuwa mlangoni. Boila ya ukubwa wa kawaida hubeba lita 700 au 800. Moto huyapasha yale maji hadi nyuzi 85 hivi za Selsiasi (skrini itakuandikia 185, kwa sababu Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti), kisha pampu ndogo huyasukuma kupitia bomba lililofukiwa ardhini mpaka ndani ya nyumba. Huko yanapita kwenye rejeta iliyowekwa katika mfereji wa hewa juu ya tanuru la gesi, feni inapuliza, vyumba vinapata joto. Njiani yanaweza kupita pia kwenye kibadilisha joto cha bamba, mabamba membamba yanayopitisha joto bila maji kuchanganyika, ili kupasha maji ya kuoga. Yakishapoa kidogo yanarudi uani kwa bomba la pili, yapashwe upya. Presha haipo: tangi lina tundu la kupumulia juu, liko wazi kwa hewa. Kumbuka hilo tundu, tutalirudia.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba moto unabaki nje. Waliokulia nyanda za baridi wanajua habari za jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku, na familia ambayo haikuamka. Hapa ile hewa ya sumu hupandia dohani uani, na linaloingia ndani ni joto peke yake. Ubaya wake ni kwamba kati ya moto na kitanda chako kuna safari ndefu, na joto linaweza kupotelea popote njiani.

Kwa hiyo mtu akinipigia simuulizi habari za moto. Namuuliza ana kipimajoto gani. Kinachofaa ni kile cha kulenga chenye umbo la bastola, kinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. (Siyo kile walichokuwa wakitulenga nacho kwenye paji la uso wakati wa korona. Kile kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu, ukikielekeza kwenye bomba la nyuzi 80 hakitakupa kitu cha maana.) Shaba inayong'aa hudanganya kipimo, hivyo bandika kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme, ulenge hapo. Pima mahali panne: bomba la kwenda linapotoka kwenye boila, bomba hilohilo linapoingia nyumbani, bomba la kurudi linapotoka nyumbani, na linapofika kwenye boila. Pampu iwe inazunguka na feni ya nyumba iwe inapuliza. Andika namba nne kwenye karatasi, basi. Bado hujagusa spana.

Yule ndugu wa pande za Fargo, ambaye shamba lake liko upande wa Minnesota wa Mto Red, alinisomea 84 ikitoka na 75 ikiingia nyumbani. Sikuhitaji namba mbili zilizobaki. Nikamwambia, "Kaka, toka nje uniangalizie theluji kati ya boila na nyumba." Nikasikia mlango, kisha kimya, kisha kicheko cha mtu aliyekasirika. Katikati ya theluji ya magotini kulikuwa na mstari mweusi wa udongo, mnyoofu, kutoka kibandani hadi ukutani. Watoto walikuwa wameshauona zamani. Paka walilala pale, nao wakadhani ndivyo shamba lilivyo.

Bomba zuri la chini ya ardhi, lile ambalo povu limeyashika mabomba yote mawili bila nafasi, hupoteza nyuzi moja, pengine mbili, kwa umbali wa uani. Lake lilikuwa la bei rahisi: mabomba mawili ya plastiki yaliyofungiwa tabaka za nailoni ya viputo, yakaingizwa kwenye paipu nyeusi yenye mikunjo. Paipu ile ikipata ufa, maji ya ardhini huingia na kukaa, na kuanzia hapo maji yako ya moto yanasafiri ndani ya maji baridi. Hesabu ya hasara haina ugumu. Chukua lita zinazopita kwa dakika, zidisha kwa nyuzi zilizopotea, kisha zidisha kwa 70. Jibu ni wati. Pampu ya aina yake husukuma kama lita 25 kwa dakika. Mara 9, mara 70, ni wati 15,750. Ni sawa na kuzika birika nane za umeme uani na kuziacha zikichemka usiku na mchana, tena hapo hujalihesabu bomba la kurudi. Alikuwa anakata kuni za nyumba mbili, na nyumba ya pili ilikuwa ni udongo.

Kulichimbua Januari haiwezekani. Kaskazini mwa Minnesota sheria ya ujenzi inataka misingi ishuke inchi 60, yaani mita moja na nusu, kwa sababu ardhi inaweza kuganda hadi huko. Akasubiri Mei. Mimi ningemshauri mtu yeyote anayeanza upya abane matumizi kwenye kila kitu kingine, hata kwenye boila yenyewe, lakini asibane kwenye bomba. Pampu ikifa unabadilisha kabla chai haijapoa. Bomba likifa unakodi kijiko, ile mashine ya kuchimba.

Namba zikiwa nzuri mpaka ukutani, linganisha sasa ile inayoingia nyumbani na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 10 hivi ni ya kawaida. Ikiwa kubwa mno, tuseme 20, maji yanajikongoja: chujio limeziba kwa tope, vali imefungwa nusu, pampu imechoka, au hewa imenasa mahali bomba linapopanda juu. Ikiwa ndogo, nyuzi 2 au 3, na bado mnavaa makoti sebuleni, maji yanarudi na joto lake, hakuna aliyeyapokonya kitu. Hapo rejeta imejaa vumbi na manyoya ya mbwa, au kichujio cha hewa hakijabadilishwa tangu enzi ya mwenye nyumba wa zamani, au feni haipati amri ya kuzunguka. Na ni hapo hasa watu huongeza kuni. Usiku wa manane, taa ya kichwani, magogo matatu zaidi. Kichujio cha dola chache hakitibiwi kwa magogo.

Maji ya kuoga yakiwa vuguvugu na vyumba viko sawa, mshukiwa ni kile kibadilisha joto cha bamba. Maji ya visima vya huku yana chokaa nyingi, na chokaa hujenga ukoko kwenye njia nyembamba za bamba. Tenga upande wa maji ya kuoga kwa vali zake, unganisha ndoo ya siki nyeupe na pampu ndogo, izungushe kwa saa moja, suuza. Fundi wa bomba atakufanyia hivyohivyo kwa bei ya fundi wa bomba.

Pampu inayokoroma mara nyingi ina hewa, au imefungwa mahali ambapo maji ya moto sana yanakaribia kuchemka mdomoni mwake. Iwe chini, karibu na boila, uzito wote wa maji ya tangi ukiwa juu yake. Na iwe na vali pande zote mbili. Bila hizo vali, kubadilisha kitu cha ukubwa wa nazi kutakulazimisha kumwaga mamia ya lita.

Tulirudie tundu.

Kwa kuwa tangi liko wazi, maji hupungua kwa mvuke na oksijeni huingia. Maji, chuma na oksijeni vikikutana kwenye joto, kila mtu anajua kinachozaliwa. Kutu ya nje unaiona na unaipaka rangi. Hii iko upande wa ndani, kwenye uso wa chuma usioweza kuuona mpaka siku itakapotoboka kidogo mahali nyuma ya moto, ambapo hata fundi wa kuchomelea anaingia kwa tabu akilalia tumbo kwenye majivu. Ndiyo maana ndani ya maji hutiwa dawa ya kuzuia kutu, nyingi ya aina ya nitriti, inayojenga ngozi nyembamba juu ya chuma ili oksijeni isikifikie. Dawa hiyo haidumu milele. Kila ukiongeza maji unaichuja nguvu, na wapo hata bakteria wanaoigeuza nitriti kuwa kitu kingine kisichokinga chochote. Kwa hiyo hupimwa: chupa ndogo ya maji, vidonge au matone, angalia rangi, linganisha na karatasi. Pima vuli kabla ya moto wa kwanza na mara nyingine katikati ya msimu. Waranti za boila nyingi hudai ushahidi kwamba ulipima, na anayekwenda kudai waranti bila karatasi hizo hurudi mikono mitupu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nao hawakuwa na boila.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema maji ya bomba yanatosha kwa sababu "boila ya mwenye nyumba wa kwanza ilikaa miaka na miaka". Labda. Mzee jirani yangu, mkata magogo mstaafu, ana jibu la mkato kwa hoja hiyo: humwonyesha mtu boila yake ya kwanza, imelala nyuma ya zizi, kuku wanatagia humo.

Kipimo cha kiwango cha maji nacho kina ujanja wake. Maji yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi 80 huvimba karibu asilimia 3, na kwa tangi la lita 750 hiyo ni lita 20 na ushee. Ukisoma kiwango asubuhi moto umefifia na jioni moto umepamba, utadhani maji yanakuja na kuondoka. Soma kila mara kwenye joto lilelile, ndipo uandike. Kiwango kikishuka polepole msimu mzima, ni mvuke. Kikishuka kwa siku chache, kitafute.

Lakini kabla hujapiga kelele kwamba imetoboka, subiri. Moto wa kwanza wa vuli huleta simu nyingine, hii ikiwa na picha: dimbwi la maji ya kahawia, yananuka moshi, chini ya mlango wa boila. Mara nyingi hilo si tobo. Chuma kikiwa chini ya nyuzi 60, mvuke uliomo ndani ya moshi hugeuka maji ukutani na kutiririka, hasa kuni zikiwa na unyevu. Kuyapasha maji lita 750 kutoka nyuzi 10 hadi 80 kunahitaji nishati ya uniti 61 hivi za umeme, hivyo boila hukaa baridi kwa saa nyingi ikitokwa jasho. Iache ifike nyuzi 80 na ikae hapo. Ikikauka na kiwango cha maji hakijabadilika, endelea na maisha. Jasho hilo likitoka msimu mzima ndipo ujue maji yanarudi yakiwa baridi mno, na dawa yake ni vali ya kuchanganya inayozuia maji ya kurudi yasiingie chini ya nyuzi 60. Hicho kifaa kidogo huongeza umri wa chuma kuliko rangi zote.

Sasa kuni, maana najua mlikuwa mnazingoja. Gogo bichi la aspeni, mti uliojaa huku kaskazini, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Watu husema kuni mbichi "zinaisha zikichemsha maji yake zenyewe", na ni kweli, ila hesabu inaonyesha hiyo ndiyo hasara ndogo. Tani moja ya kuni mbichi ina nusu tani ya maji, na kuyageuza mvuke hula takriban sehemu moja ya saba ya nishati iliyomo kwenye ile nusu tani nyingine. Hasara kubwa iko kwingine: moto uliopoa hauchomi gesi zinazotoka kwenye mbao. Zinapanda dohani zikiwa moshi mzito wa manjano, au zinaganda ukutani zikawa kreosoti, ile lami nyeusi inayong'aa. Unalipa kuni, unapata lami.

Pasua, panga juu ya miti ili isiguse ardhi, funika juu tu, pembeni uache upepo upite. Aspeni iliyopasuliwa machipuko hukauka kiangazi kimoja kizuri. Mwaloni unataka miaka miwili, na anayekwambia mmoja anauza mwaloni. Kipimaunyevu ni rahisi kukinunua na rahisi kukitumia vibaya: usichome sindano zake kwenye uso wa nje uliokauka, pasua gogo kwanza upime uso mpya wa katikati. Lililoganda litakupa namba nzuri ya uongo; liingize ndani liyeyuke kwanza. Chini ya asilimia 20 ni furaha, 25 inavumilika. Zikinunuliwa, kipimo cha huku huitwa kodi ("cord" ya Kiingereza, siyo kodi ya nyumba), futi 4 kwa 4 kwa 8, mita za ujazo 3.6 hivi, muuzaji akikupimia kwa gari la pikapu bila kupanga, umeuziwa hewa. Na usizisafirishe kutoka mbali. Yule mdudu wa kijani anayeua miti ya eshi aligunduliwa Michigan mwaka 2002, akaonekana Minnesota mwaka 2009, na kuni za mizigoni ni gari lake zuri.

Jambo la kujaza: boila za zamani zina tabia mbaya ya kufunga hewa kabisa maji yakifika joto lililowekwa. Moto hauzimiki, unafukuta, na kufukuta ndiko kunakotengeneza kreosoti. Oktoba na Aprili, nyumba inapohitaji kidogo, kujaza chumba chote ni kupika lami kwa saa ishirini. Weka kuni za saa kumi au kumi na mbili, upime na utabiri wa hali ya hewa. Na moto ukifa huku chumba kimejaa, chungulia kwa fimbo: huenda magogo yameshikana juu yakajenga daraja, na makaa yameisha chini yake.

Mlango una adabu yake. Fungua ufa mdogo kwanza, simama pembeni, hesabu pumzi kadhaa ndipo ufungue wote. Gesi zilizofukuta zikikutana na hewa ghafla huwaka mara moja, na nyusi huchukua muda kuota.

Hitilafu ya hewa ni mbili tu, inaingia inapotakiwa isiingie au haiingii inapotakiwa. Kifuniko cha hewa huinuliwa na solenoidi, yaani sumaku ya umeme, na kreosoti ikikigandisha wazi, moto haujui kunyamaza. Mlango nao ukiwa na gasketi, ile kamba ya kuzibia ukingo, iliyochoka hufanya hayohayo kwa siri. Paka chaki kwenye ukingo wa chuma, funga, fungua, uangalie mstari wa chaki kwenye gasketi: palipokatika ndipo hewa inapita. Dalili ni maji kupita joto lililowekwa, kisha mvuke kufoka juu ya paa la kibanda. Ikitokea, usifungue mlango na usimwagie chochote. Ziba hewa, acha pampu izunguke, pandisha thamostati zote za nyumbani ili vyumba vilimeze joto. Baada ya hapo maji yamepungua, na boila ikishapoa utayaongeza pamoja na dawa.

Umeme ukikatika, boila nzima inakuwa pipa. Hilo wengi hawalifikirii mpaka kimbunga cha theluji kiangushe nyaya. Pampu ikisimama, sehemu ya bomba iliyo wazi nyuma ya boila ndiyo huganda kwanza, na iliyofukiwa inaweza kufuata, kwa sababu mabomba mengi hayakuzikwa chini ya kina cha kuganda. Yanategemea maji kutembea. Huku si mzaha: kule Tower, Minnesota, tarehe 2 Februari 1996 ilipimwa nyuzi 51 chini ya sifuri. Jenereta ndogo inatosha, pampu haili umeme mwingi kuliko balbu ya zamani. Wanaosafiri wakati wa baridi huweka kemikali ya kuzuia kuganda, ile ya propilini glikoli isiyo sumu kali, wakikubali kwamba inabeba joto pungufu kidogo kuliko maji.

Habari ya moshi nitaisema kwa ufupi ingawa jirani zako wangependa niiseme kwa kirefu. Dohani fupi na moto unaofukuta huweka moshi usawa wa madirisha ya watu. Vermont ilianza kudai umbali wa futi 200 kutoka nyumba ya jirani tangu 1997. Serikali kuu ilitoa kanuni zake mwaka 2015, na tangu tarehe 15 Mei 2020 boila mpya inayouzwa lazima itimize kiwango kikali zaidi cha moshi. Ya zamani uliyoikuta hiyo kanuni haiing'oi, lakini mji au kaunti yako inaweza kuwa na masharti yake, hivyo piga simu ofisini kabla jirani hajapiga. Plastiki, mbao za rangi na zile zilizotiwa dawa hazichomwi humo. Hata usiku. Hata zikiwa za bure.

Machipuko, moto wa mwisho ukishaisha, ndipo kazi iliyo muhimu kuliko zote inapofanywa au kutofanywa. Kwangua kreosoti boila ikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu hapo ni laini. Ikishapoa inakuwa kioo. Toa majivu yote, mpaka pembe za nyuma. Majivu hunywa unyevu wa kiangazi, na majivu yaliyolowa hukila chuma polepole miezi mitano bila kukuamsha usingizini. Yaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, juu ya kokoto, mbali na nyumba na zizi, maana kaa lililofunikwa na jivu huishi siku kadhaa. Pakaza chumba cha moto mafuta, funika dohani mvua isiingie. Maji yenye dawa yaache yakae humo, tangi limejaa. Ukiyamwaga unaikaribisha hewa kwenye ukuta wa ndani. Mwisho fungua paneli ya nyuma uangalie panya. Wanapenda joto lile kuliko sisi, na hutafuna nyaya za solenoidi Agosti ili wewe upige simu Oktoba.

Ndugu yetu alichimbua bomba lake Mei ileile, akaweka la povu. Majira ya baridi yaliyofuata alinipigia kulalamika kwamba theluji ya uani haiyeyuki tena na paka wamehamia kochini. Namba zake zilikuwa 84 na 83.

Wengine huniuliza kama waitunze au waiuze. Kama huna msitu wako au mtu wa kuaminika wa kukuuzia kuni, na mnafanya zamu za saa kumi na mbili hospitalini wote wawili, iuzeni, rudini kwenye gesi ya propani, laleni. Hiyo si kushindwa. Kama msitu upo na mgongo unaruhusu, hakuna joto zuri kama hili. Na ukienda kuangalia nyumba yenye boila wakati wa kiangazi, usiridhike na ule mlango unaong'aa rangi mpya. Omba karatasi za vipimo vya maji. Kisha fungua, ingiza kichwa na tochi, umulike pembe za nyuma chini kabisa. Ukikuta majivu ya mwaka jana yamelowa na kushikana, muombe muuzaji apunguze kwenye bei ya nyumba thamani ya boila nzima, kwa sababu utakayoiwasha haitakuwa hiyo.